Canter, lumbesa na tairi la ndani

Mahindi yakishakauka Ufipa, mzigo unaanza kumiminika Sumbawanga kutoka Msanzi, Matai, Laela na Namanyere. Mengine yanaishia kwa wafanyabiashara wa mjini, mengine yanapelekwa kwenye maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Njiani utapishana na Canter mpaka uchoke kuhesabu. Mitsubishi walianza kuitengeneza mwaka 1963, na sijui kama waliwahi kuiwazia lumbesa.

Wamarekani wana pikapu zenye matairi mawilimawili nyuma. General Motors waliziingiza sokoni mwaka 1973. Huku kwetu ukisema gari dogo la matairi sita, unazungumzia Canter, Dyna au Isuzu. Mengi yanayoyaua matairi hayo hayaletwi na barabara wala na Wachina. Yanaletwa na upepo usiopimwa, hasa wa tairi la ndani.

Soma ubavuni mwa tairi. Kwenye 750-16 ya radial yenye 14PR utakuta tarakimu 122/118. Ya kwanza inahusu tairi likiwa peke yake: kilo 1,500. Ya pili inahusu tairi likiwa na pacha wake: kilo 1,320. Kwa hiyo mawili pamoja yanabeba kilo 2,640, si 3,000. Aliyeandika hivyo alijua kwamba pacha hawagawani mzigo sawasawa. Barabara ina mgongo katikati, njia ya vijijini ina makorongo, na tairi la ndani limebanwa mahali pasipopata hewa ya kulipoza.

Sasa la ndani likipungukiwa upepo, gari halilali upande. La nje linashikilia, dereva haoni kitu, na safari inaendelea. Hapo yote mawili yanaumia: la nje limezidiwa uzito, la ndani linajikunja kila linapozunguka na kupata moto. Wataalamu wa matairi ya malori wana kipimo kimoja: tairi lililopoteza asilimia 20 ya upepo wake lihesabiwe kuwa limeisha upepo. Kama linatakiwa PSI 80, likifika 64 hilo ni pancha, hata kama kwa macho limesimama vizuri.

Utingo wengi hupima kwa kugonga na chuma na kusikiliza mlio. Mlio utakutambulishia tairi lililokwisha kabisa. Hautakutofautishia 80 na 64.

Geji haipelekwi ndani kwa sababu za kawaida tu. Nozeli ya tairi la ndani imejificha, inafikiwa kwa kupitisha mkono kwenye tundu la rimu ya nje, na ukiwa umetoka kwenye tope la masika mkono unarudi mweusi hadi kiwiko. Fundi akifunga rimu mbili hovyo, nozeli moja inafunikwa kabisa. Akizifunga zikiwa zimetazamana, moja juu na nyingine chini, zote mbili zinafikika. Mwenye gari akiwa hapo asimame aangalie. Aangalie pia kama kuna jiwe lililokwama katikati ya pacha, kwa maana jiwe hilo linakata ubavu, na likichomoka kwenye mwendo linamfuata anayekuja nyuma.

Jiografia yetu nayo ina lake. Mji wa Sumbawanga uko mita 1,800 hivi juu ya bahari, na asubuhi za mwezi wa saba zina baridi ya kutoa moshi mdomoni. Ukivuka ukingo wa Lyamba lya Mfipa kufuata mpunga wa bonde la Rukwa, unashuka takriban mita 1,000 na kukutana na joto. Tuseme umejaza 80 alfajiri, tairi likiwa na nyuzi 10. Bondeni, baada ya mwendo, likifika nyuzi 55, geji itasoma kama 93. Wengi hapo hushtuka wakatoa upepo hadi 80 tena. Kosa. Wakipandisha mzigo na kulala mjini, kesho yake asubuhi tairi lile lile litasoma kama 69, na hakuna msumari uliolitoboa. Upepo unapimwa tairi likiwa la baridi, na tairi la moto halipunguzwi.

Kuhusu kubadilishana nafasi, mafundi wengi huhamisha matairi kwa kuangalia kipara peke yake: jipya likiwepo, linawekwa palipochakaa. Mbele panahitaji mazuri, hilo halina ubishi. Nyuma, jipya na kuukuu hayafungwi pacha. Chukua tairi lenye kashata ya milimita 12 na lingine lenye milimita 4. Kwa hesabu ya juu juu, mizunguko yao inapishana kwa sentimita 5. Yamefungwa habu moja, hivyo lazima yazunguke sawa, na tofauti hiyo mmojawapo anailipa kwa kuburuzwa: karibu mita 20 kila kilomita, zaidi ya kilomita 2 ukitoka Sumbawanga hadi bandari ya Kasanga. Pacha wahamishwe pamoja, kulia kwenda kushoto, na vipenyo vyao visipishane zaidi ya milimita 6.

Mkifika kwenye nati, tulieni. Canter nyingi za zamani zina nati mbili kwa kila bolti, ya ndani inayoshika tairi la ndani na ya nje inayoshika la nje. Ukiikaza ya nje wakati ya ndani imelegea, umeficha ugonjwa. Legeza ya nje kwanza, kaza ya ndani, kisha rudi ukaze ya nje. Upande wa kushoto nati zinafungwa kinyume, na utingo mgeni huning'inia kwenye spana akidhani analegeza kumbe anakata bolti. Ukishasafiri kilomita 50 hadi 100, simama uzikaze tena.

Wenye magari, mnunulieni dereva geji yenye shingo ndefu. Tairi moja jipya linagharimu zaidi. Halafu mwambieni apime yote sita asubuhi kabla ya kupakia, akianza na mawili ya ndani.