Wajava wa Surinam na Kibla Chao

Ukitazama ramani utaona kuwa kisiwa cha Java kiko Indonesia, na nchi ya Surinam iko Amerika ya Kusini, karibu nusu ya dunia kutoka hapo. Lakini hesabu ya watu ya mwaka 2012 ilionyesha kuwa Surinam wamo Wajava yapata 74,000. Nataka kueleza walifikaje huko.

Nchi zote mbili zilikuwa chini ya Waholanzi. Utumwa ulikomeshwa Surinam mwaka 1863, na baada ya miaka kumi ya kazi ya lazima wengi wa waliofunguliwa wakayaacha mashamba. Wenye mashamba wakaleta vibarua kutoka Bara Hindi, lakini hao walikuwa raia wa Mwingereza, na Waholanzi hawakupenda kumtegemea yeye. Basi wakageukia Java. Wajava wa kwanza, watu 94, walifika tarehe 9 Agosti, 1890, wakapelekwa katika shamba la miwa la Mariënburg. Mpaka mwaka 1939 walikuwa wamekwisha kuja karibu 33,000.

Hali yao ilikuwa kama ya wale walioitwa manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika. Mkataba ulikuwa wa miaka mitano, na kwa miaka mingi aliyeacha kazi kabla ya wakati aliweza kufungwa. Mkataba ukiisha alikuwa na haki ya kurudishwa kwao bure. Aliyeiacha haki hiyo alipewa fedha na ardhi ya kulima, na wengi walibaki.

Linalonishangaza zaidi ni jambo la kibla. Huko Java, Makka iko upande wa magharibi. Walipofika Surinam waliendelea kusali kuelekea magharibi, ingawa sasa Makka ilikuwa mashariki yao. Katika miaka ya 1930 baadhi yao wakaanza kugeuka, na ugomvi ukaingia kati yao. Sisi watu wa pwani, ambao husali kuelekea kaskazini, tusiwacheke wale wa magharibi. Walisimama kama walivyosimama baba zao.

Mwaka 1954 watu wapatao 1,000 walipanda meli iitwayo Langkoeas kurudi Indonesia. Hawakuwekwa Java, bali Tongar, katika Sumatra ya Magharibi, wakaanza upya kufyeka msitu. Baadhi yao walikuwa wamezaliwa Surinam, wala hawakuwa wameiona Indonesia kabla ya siku ile waliyoshuka melini.