Kuokota ni Kuokoa

Ndugu mutumikaji, na weye mama wa nyumba,

Ukikaa Annexe unasikia ndege zinazoshuka Luano. Fikiri sasa mutambo wenye nguvu kama ule, lakini umefungwa mu motokari inayokimbia chini, juu ya udongo. Kulikuwa watu waliotengeneza motokari ya namna hiyo. Soma habari yao mupaka mwisho, maana inakuhusu weye unayetumika mu mugodi.

Mu Marekani, Ed Shadle na Keith Zanghi walinunua mwili wa ndege ya vita ya zamani, F-104 Starfighter, iliyokuwa imetupwa kama vyuma vya kuuzwa kwa kilo. Mafundi wengine wakaja kuwasaidia. Walijitolea tu, bila mushahara, wakitumika jioni na siku za mapumziko, karibu miaka makumi mbili. Motokari yao, North American Eagle, ilikuwa na urefu wa metre 17. Magurudumu yake hayakuwa na pine, sababu pine ingepasuka kwa mbio zile. Yalikuwa ya aluminiamu tupu.

Tarehe 27 Agosti 2019, mu jangwa la Alvord, dereva alikuwa Jessi Combs, mwanamuke aliyekuwa fundi wa kuunganisha vyuma. Alipita kilometa 841 kwa saa. Mwanamuke mwingine, Kitty O'Neil, alikuwa amefikia 825 mwaka wa 1976, mu jangwa lile lile. Rekodi ya Jessi iliandikwa mu kitabu cha Guinness mwaka wa 2020, lakini yeye hakuiona. Siku ile ile gurudumu la mbele lilivunjika, naye akafa. Alikuwa na miaka 39. Wachunguzi walisema inaelekea gurudumu liligonga kitu kilichokuwa njiani.

Piga hesabu pamoja nasi. Kilometa 841 kwa saa ni karibu metre 234 kwa segonde moja. Viwanja viwili vya mupira vinapita, dereva hajamaliza kusema «moja». Tena ujue hili: ukiongeza mbio mara mbili, nguvu ya kugonga inaongezeka mara ine. Jiwe ambalo mutu wa miguu analipiga teke na kuendelea na safari, linaweza kumwangusha mwenye kukimbia.

Sasa tazama Afrika Kusini. Pale Hakskeen Pan, mbele ya motokari Bloodhound kukimbia, watu 317 wa pale waliokota mawe kwa mikono yao, tone 16.500. Mu Novemba 2019 dereva Andy Green alifikia kilometa 1.010 kwa saa, akasimama salama. Jina lake lilitangazwa mu dunia yote. Lakini njia yake ilitengenezwa na wale waliokuwa wakiinama mu jua kali.

Na kitu kinachoua si jiwe tu. Karibu na Paris, tarehe 25 Julai 2000, kipande cha chuma cha sentimetre 43 kilianguka kutoka ndege moja, kikabaki mu njia. Ndege nyingine, Concorde, ikakikanyaga. Pine ikapasuka, moto ukawaka, watu 113 wakafa. Aliyeangusha hakuumia. Aliyefuata nyuma ndiye aliyelipa.

Weye utasema: «Mimi sina motokari ya mbio.» Ni kweli. Lakini umekwisha kuona kamio iliyovunjika ku njia ya Likasi ao ya Kasapa. Shofere anaweka mawe makubwa nyuma ya magurudumu. Akimaliza kutengeneza, anaondoka, mawe yanabaki. Usiku kijana anapita na pikipiki, amebeba mama na mutoto. Taa yake ni ndogo. Unajua kinachofuata.

Basi, fanya hivi:

1. Weye shofere, mawe uliyoweka njiani, uyatoe mbele ya kuondoka.

2. Ukiona jiwe mu njia ya makamio makubwa ya mugodi, usishuke ovyo. Simama mahali pa salama, ujulishe mukubwa wa kazi, njia isafishwe.

3. Ku atelie, hesabu vyombo vyako mbele ya kufunga mashini. Fungulo moja likipungua, ulitafute kwanza.

4. Mafuta yakimwagika mu pahali pa kupita, yapanguse mara moja. Usingoje wa zamu nyingine.

5. Mama, kataza watoto kupanga mawe mu barabara. Misumari na chupa zilizovunjika za mu kiwanja, uziokote.

Kazi hizi hazichukui hata dakika tano. Hazina rekodi, wala hakuna atakayekupigia makofi. Lakini jioni, mwenzako akifika kwake na miguu yake yote miwili, ni weye uliyemufikisha.

Kumbuka basi: kuokota ni kuokoa.