Vigae vya 61,741,120

Watoto wa Kyela, sogeeni niwasimulie habari ya namba ambayo ninyi wenyewe mmo ndani yake.

Usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022, Tanzania nzima ilihesabiwa. Makarani wa sensa walifika Matema, Ipinda, Ngonga na Itungi kama walivyofika kila mahali, wakauliza katika kila kaya: nani amelala hapa? Babu alihesabiwa mmoja, na kichanga aliyebebwa mgongoni naye akahesabiwa mmoja. Nchi nzima ilipojumlishwa, tukawa watu 61,741,120.

Wakubwa waliitazama namba hiyo wakawaza shule, dawa na barabara. Mimi nilitaka kuivunja.

Aliyewahi kwenda gulio la Lyulilo anavijua vyungu vya Wakisi, vile vinavyofinyangwa na akina mama wa Ikombe na kuletwa kwa mitumbwi. Viwili vikianguka, vigae vyake havifanani kamwe. Namba haiko hivyo. Ianze upande wowote uupendao, mwisho utaokota vigae vilevile. Vigae hivyo ndizo namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe.

Haya, kamateni kalamu. Namba yetu ni shufwa, basi igaweni kwa 2. Tena. Tena. Ikifika mara ya 6 mtabaki na 964,705. Inaishia na 5, kwa hiyo gaweni kwa 5, mpate 192,941. Hapa wengi hukata tamaa, maana haina pa kuishika. Jumlisheni tarakimu zake: 26. Hiyo haigawanyiki kwa 3, basi 3 haimo. Jaribuni 7: inaingia bila baki, jibu 27,563. Sasa ni subira tu. 11 inabakiza, 13 inabakiza, 17 vilevile, na zinazofuata, mpaka mfike 43. Hapo inapasuka, na kinachobaki ni 641, namba tasa.

2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 5 × 7 × 43 × 641

Nilipoiona hiyo 641 nilifurahi mno, kwa kuwa ina historia yake. Mfaransa Pierre de Fermat aliamini kwamba 4,294,967,297 ni namba tasa. Alikuwa bingwa wa hesabu, lakini hapo alikosea. Mwaka 1732 Leonhard Euler, Mswisi, alionyesha kwamba 641 inaigawa bila baki, na jibu ni 6,700,417. Namba iliyompinga Fermat imo pia katika hesabu ya Watanzania, pamoja na watu wa Kyela!

Tena angalieni uzito wa mtu mmoja. Karani angemsahau kichanga mmoja tu wa Ipinda, jumla ingekuwa 61,741,119, na vigae vyote tulivyookota vingetoweka: 2 isingeingia, wala 5, wala 7, wala 43, wala 641. Namba mbili zinazofuatana hazishiriki kigawo tasa hata kimoja. Ndivyo ilivyo kwa namba zote, ziwe ndogo ziwe kubwa.

Nawaachia kazi. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 44,928,923. Namba hiyo ni witiri, kwa hiyo msipoteze muda na 2. Anzeni na 3, mpande namba tasa moja baada ya nyingine. Kabla hamjafika 20 itapasuka.