Binti Akinyamaza, Mama Husikia Nini?

Riwaya ya Vuta N'kuvute imesomwa kwa miaka mingi na wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita. Binti wa Kiislamu anayerejea nyumbani likizo, akitoka bweni la Loleza hapa Mbeya au la Shule ya Wasichana Iringa, huenda anayo ndani ya begi. Twawashauri akina mama waiazime, hasa msimu huu ambapo baridi huwakusanya watu wote jikoni.

Kitabu hiki cha Adam Shafi, kilichochapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 1999, chasimulia Unguja ya miaka ya mwisho ya utawala wa Mwingereza. Yasmin ana miaka 15 wazazi wake wanapomwoza kwa Bwana Raza, mfanyabiashara wa miaka 52. Anapoikimbia ndoa hiyo, jamaa zake wanamfungia mlango, na anayempokea ni Mwajuma, rafiki yake wa Ng'ambo. Darasani hujadiliwa zaidi Denge na harakati za uhuru, kwani mtihani ndio unavyotaka. Sisi tumekaa zaidi hapo mlangoni, kwa binti anayepata hifadhi kwa asiye ndugu yake.

Wapo wazazi watakaosema kwamba riwaya hii yawafunza mabinti utoro. Kweli, maisha anayoyaingia Yasmin baadaye si ya kumwombea mtoto, wala hatuyatetei. Lakini hakuanza na utoro. Alianza na ndoa asiyoitaka.

Mtume (s.a.w.) alielekeza kwamba bikira aombwe idhini yake, na alipoulizwa kuhusu haya ya msichana, akajibu kwamba idhini yake ni kunyamaza kwake. Hadithi hii hunukuliwa sana kwenye vikao vya posa, mara nyingi kwa haraka, binti akiwa chumba cha pili. Hunukuliwa kwa nadra ile ya Khansa bint Khidam, mwanamke aliyekwisha kuolewa kabla, ambaye baba yake alimwoza bila ridhaa yake. Akamwendea Mtume, na ndoa ikatenguliwa. Kwa hiyo kimya cha haya ni kimoja, na kimya cha hofu ni kingine. Nani atavitenganisha, ikiwa si mama aliyemlea?

Hapo ndipo uzito ulipo, maana mama mwenyewe mara nyingi hakuulizwa. Hata Sheria ya Ndoa ya 1971, iliyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, iliitaja ridhaa ya baba kwanza; ya mama ilihitajika baba akiwa amefariki. Mahakama Kuu iliona mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaafiki mwaka 2019. Masheikh na wanasheria wangali wakibishana kuhusu umri, nasi hatutaumaliza ubishi huo katika kurasa za familia.

Mama na binti wanaweza kuanza na kurasa za mwanzo tu, huku viazi vikimenywa. Mama amuulize mwanawe: siku ile ya posa, ungekuwa wewe Yasmin, ungelitaka mama yako akuulize nini? Kisha asubiri, hata maji yakichemka.