Siha ya Mwili na Aina za Mazoezi: Mwongozo kwa Watu Wazima

Wengi waliokulia Afrika Mashariki hawakuhitaji kufundishwa mazoezi. Maji yalitekwa kisimani, nafaka ilitwangwa kinuni, na sokoni watu walikwenda kwa miguu. Kazi hizo ndizo zilizokuwa mazoezi, ingawa hakuna aliyeziita hivyo. Hapa Uingereza maji hutoka bombani, nguo hufuliwa kwa mashine, na kazi nyingi, kama vile udereva wa teksi na kazi za ofisini, humweka mtu kitini kwa saa nyingi. Mwili usiotumiwa hudhoofika polepole, na mara nyingi mwenyewe hutambua siku anaposhindwa kuinuka kitini bila ya kushika meza. Kipeperushi hiki kinaeleza maana ya siha ya mwili na aina za mazoezi zinazoijenga na kuihifadhi.

Siha ni nini?

Siha si wembamba, wala si ubingwa wa michezo. Ni uwezo wa mwili kutimiza kazi za kila siku bila ya kuchoka upesi, na kubakiwa na akiba ya nguvu kwa jambo la dharura. Uwezo huo una sehemu nne: ustahimilivu wa moyo na mapafu, nguvu za misuli, wepesi wa viungo, na uimara wa kusimama bila ya kuyumba. Kila sehemu ina zoezi lake. Mtu anayetembea kila siku anaweza kuwa na moyo mzuri, na bado akashindwa kunyanyua mfuko wa mchele wa kilo 10.

1. Mazoezi ya moyo na mapafu

Haya ni yale yanayoharakisha mapigo ya moyo na pumzi: kutembea kwa haraka, kuogelea, kuendesha baiskeli, kucheza ngoma. Mtu mzima anashauriwa kufanya dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au dakika 75 za mazoezi mazito kama kukimbia. Zoezi la wastani hupimwa hivi: mtu anaweza kuzungumza, lakini hawezi kuimba. Dakika hizo si lazima zifanywe kwa pamoja. Hata dakika chache za kupanda ngazi badala ya lifti huhesabiwa.

Faida yake imejulikana kwa muda mrefu. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Makondakta, waliopanda na kushuka ngazi za basi kutwa, walipata maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva waliokaa kitini. Tafiti nyingi za baadaye zimethibitisha kwamba mwendo hupunguza hatari ya maradhi ya moyo, kiharusi na kisukari cha aina ya pili.

2. Mazoezi ya nguvu

Sehemu hii ndiyo inayosahauliwa zaidi, hasa na wanawake na wazee. Kadiri umri unavyosonga misuli hupungua, na isipotumiwa hupungua kwa kasi zaidi. Misuli ndiyo inayotumia sehemu kubwa ya sukari ya damu, na mvuto wake juu ya mifupa huisaidia mifupa kubaki imara.

Mazoezi haya yafanywe angalau siku 2 kwa wiki, na yaguse miguu, nyonga, mgongo, tumbo, kifua, mabega na mikono. Nyumbani panatosha:
- kuketi na kuinuka kitini mara 10, mikono ikiwa imekunjwa kifuani;
- kusimama mbele ya ukuta, kuuegemea kwa viganja, kisha kujisukuma nyuma;
- kunyanyua chupa mbili zilizojaa maji.

Zoezi hufaa pale misuli inapochoka kiasi kwamba kurudia tena huwa tabu. Likishakuwa jepesi, liongezwe.

3. Wepesi wa viungo na uimara

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kuinama kwahitaji viungo visivyokakamaa. Kunyoosha misuli taratibu, baada ya mwili kupata joto, huhifadhi wepesi huo. Uimara hujengwa kwa kusimama kwa mguu mmoja karibu na meza ya jikoni, au kutembea kisigino kikifuata kidole. Wenye umri wa miaka 65 na zaidi wanashauriwa kufanya mazoezi ya uimara siku 2 kwa wiki, kwani kuanguka kunaweza kuvunja nyonga na kumwondolea mzee uwezo wa kujitegemea.

Kwa wenye kuswali, kurukuu, kusujudu na kuinuka huviendesha viungo, na hiyo ni faida. Hata hivyo, mwendo huo hauharakishi moyo wala kuongeza nguvu kwa kiasi cha kutosha, hivyo hauchukui nafasi ya mazoezi mengine.

Kuanza kwa usalama

Aliyekaa muda mrefu bila ya mazoezi aanze kwa dakika 5 au 10, na aongeze kidogo kila wiki. Mwenye maradhi ya moyo, shinikizo kubwa la damu au kisukari azungumze kwanza na daktari wake. Anayetumia insulini apate ushauri kabla ya Ramadhani pia. Katika mwezi huo, wengi huona wepesi kutembea baada ya kufuturu kuliko mchana.

Baadhi ya mabwawa ya kuogelea na kumbi za mazoezi za halmashauri hutenga saa za wanawake pekee, inafaa kuuliza. Wakati wa barafu, ngazi za ndani na mazoezi ya kitini ni salama kuliko barabara inayoteleza.

Mtu akihisi kifua kubana, au pumzi kukatika isivyo kawaida, asimame mara moja. Maumivu ya kifua yasipokoma, ipigwe simu 999.

Kiasi kidogo cha mazoezi ni bora kuliko kukosa kabisa, na hakuna umri ambao mwili hauwezi kufaidika. Anayeanza leo kuinuka kitini mara tano anajiwekea akiba ya kuinuka bila ya msaada uzeeni.