Mega haiozi sawa samaki

Kwetu Kasumbalesa, kuwa na simu ya kadi mbili si ujanja. Kadi moja ya Kongo, ingine ya Zambia, sababu antene za ng'ambo zinatuma rezo mpaka huku. Mutu anaangalia kama iko na franga ao kwacha, kiisha anachagua. Lakini kadi yoyote anayotia, kilio ni kimoja: mega zinakufa mbele ya kutumiwa.

Tuchukue mutumishi wa Musoshi ao wa Kinsenda. Anashuka chini asubui mapema, na kule chini simu ni kama jiwe tu. Anapanda juu saa kumi, anaoga, anakula bukari, anafungua simu: forfe ya saa 24 aliyonunua jana saa tisa imekufa, na nusu ya mega ilikuwa ingali ndani. "Banakula mega yangu, tata!" Njo maneno tunayosikia kila juma. Kampuni ya simu inajibu kwamba iliandikwa saa 24. Kweli, iliandikwa. Sisi tunauliza: juu ya nini iliandikwa vile?

Mega si samaki mubichi. Haikai mu stoo, haiozi. Kitu chenye mupaka kabisa ni nguvu ya antene. Antene moja inagawa nguvu yake kwa simu zote zilizo karibu. Saa mbili ya usiku, wakati kila nyumba inafungua simu, nguvu ile inakatwa vipande vidogo vidogo. Saa nane ya usiku antene inakaa karibu bure, na ndiyo sababu mega za usiku zinauzwa bei ya chini.

Kwa hiyo wale wanaosema kwamba watumiaji wakubwa wanaumiza wengine hawadanganyi. Saa moja ya sinema yenye picha safi inaweza kula karibu giga 3. Kwa giga zile, mama anaweza kutuma sauti za WhatsApp mwaka muzima. Hata satelaiti inajaa: mwisho wa 2024, Starlink ilisimamisha kupokea wateja wapya Nairobi sababu nafasi ilikwisha. (Zambia wanayo Starlink tangu 2023. Huku kwetu ARPTC ilikataza mu 2024, kiisha ikaruhusu mu 2025.)

Mambo haya yalituletea mabishano mu kampu moja yenye Wi-Fi. Vijana wanaangalia mupira, na baba anayetaka kusikia sauti ya mutoto wake kule Likasi anabaki na "alo, alo". Wazee walitaka vijana wafungiwe kabisa. Sisi wa sindika tulisema hapana, wapunguziwe mwendo kati ya saa moja na saa ine ya usiku, na wakubwa wa ofisi wapunguziwe vilevile. Hapo wakubwa walinyamaza.

Kupunguza mwendo saa ya watu wengi, basi, tunakubali. Lakini waseme wazi. Kuna forfe zinaitwa "ilimite", na ukisoma maandishi madogo, kiisha giga kadhaa mwendo unakuwa wa kobe. Kuua mega zilizolipwa tayari ni mambo ingine, na haisaidii antene hata kidogo. Mutu akijua mega yake itakufa saa tano ya usiku, saa mbili anafungua video yoyote ili isipotee. Anajaza rezo saa ile ile imejaa.

Anayeumia zaidi ni bibi anayeuza nyanya ku mupaka. Bwana wake akilipwa mushahara anaweza kununua forfe ya siku 30. Yeye anapata feza ya leo kwa leo, ananunua ya siku moja, na mwisho wa mwezi giga ile ile imemugarimu zaidi. Afrika ya Kusini, komisheni ya mashindano ya biashara iliandika jambo hilo wazi mu Desemba 2019: wanaonunua kidogo kidogo ndio wanalipa sana. Aprili 2020 Vodacom ya kule ikashusha giga 1 ya siku 30 toka randi 149 mpaka 99. Kule kule, tangu 2019, sheria inalazimisha kampuni zimupe muteja njia ya kusogeza mbele mega zilizobaki ao kumupa mwenzake. Kenya, Oktoba 2019, Safaricom ilileta mega zisizo na tarehe ya kufa. Haikufunga milango.

Na sisi Wakongo tunajua kusukuma. RAM, kodi ile iliyokuwa inakata uniti mpaka dola 7 kwa mwaka kwa simu za 3G na 4G, ilianza 2020. Watu waliilalamikia mu barabara na mu Bunge, na 2022 ikaondolewa.

Tunataka kupeleka jambo hili kwa ARPTC. Kila mutu aandike siku na saa aliyonunua, mega ngapi, na ngapi zilikufa. Apige picha ya mesaji, ampelekee delege wake. Tukienda na midomo mitupu watasema ni kelele. Tukienda na daftari, watahesabu pamoja nasi. Wa ekipe ya usiku nao waandike: mega za bei ya chini zinauzwa saa ile wao wako chini ya udongo.