Je, magari makubwa ya binafsi yawekewe vikwazo? Swali la dunia, jibu la Rusizi

Barabara inayoshuka kutoka Kamembe hadi mpaka wa Rusizi wa Kwanza, mkabala na mji wa Bukavu, hutumiwa na waenda kwa miguu wengi kuliko magari. Wafanyabiashara wadogo huvuka daraja wakiwa na mboga, matunda, unga na bidhaa nyingine kichwani au mgongoni. Katikati yao hupita malori, pikipiki za abiria na yale magari marefu ya binafsi ambayo wengi huyaita V8, hata pale injini zake zisipokuwa za aina hiyo. Nchini Tanzania huitwa mashangingi.

Magari hayo yamezua mjadala katika nchi nyingi: je, mamlaka ziwapunguzie watu hamu ya kuyaendesha? Kwa mujibu wa Shirika la Kimataifa la Nishati, IEA, magari ya umbo hilo yalikuwa asilimia 48 ya magari ya abiria yaliyouzwa duniani mwaka 2023. Wilaya ya Rusizi, iliyo kwenye pembe ya kusini-magharibi ya Rwanda, bado ina magari machache, lakini hoja za mjadala huo zinawagusa wakazi wake kwa karibu.

Tatizo liko wapi?

Hoja ya kwanza ni usalama. Taasisi ya Marekani inayochunguza usalama barabarani kwa niaba ya kampuni za bima, IIHS, ilichambua karibu ajali 18,000 za waenda kwa miguu na kutoa matokeo yake mwaka 2023. Ilibaini kwamba gari ambalo boneti lake limezidi kimo cha takriban sentimita 100 lina uwezekano wa asilimia 45 zaidi wa kumuua mtu linayemgonga, likilinganishwa na gari lenye boneti fupi, lisilozidi sentimita 75, na lenye mteremko mbele.

Sababu yake si ngumu kueleweka. Gari fupi humgonga mtu mzima miguuni na kumwangusha juu ya boneti. Gari refu humpiga kifuani na kumsukuma chini, mbele ya magurudumu. Mtoto wa miaka sita, ambaye kimo chake kwa kawaida ni kama sentimita 115, hupigwa kichwani au kifuani. Tena, dereva aliyekaa juu huenda asimwone kabisa mtoto aliyesimama karibu na pua ya gari.

Hoja ya pili ni uzito. Gari dogo la familia huwa na takriban tani moja, ilhali Land Cruiser ya injini ya V8 huzidi tani mbili na nusu. Kwa mwendo ule ule, breki za gari hilo zina kazi zaidi ya maradufu, na katika miteremko ya Nyungwe au ile inayoelekea Bugarama tofauti hiyo si ya vitabuni tu.

Hoja ya tatu ni mafuta. Rwanda haina bahari wala kisima cha mafuta. Petroli na dizeli hupitia bandari za Dar es Salaam na Mombasa, kisha hukata nchi nzima kabla ya kufika Kamembe. Gari kubwa hunywa takriban maradufu ya gari dogo kwa safari ile ile. Gharama hiyo humwangukia mwenye gari kwanza, lakini fedha za kigeni zinazonunua mafuta hayo ni za nchi nzima.

Kwa nini watu huyapenda?

Wanaoyatetea magari haya wana hoja zao, na katika wilaya hii zina uzito. Barabara nyingi za vijijini bado ni za udongo, na mvua kubwa huzigeuza utelezi au huporomosha ardhi juu yake. Muuguzi anayepeleka chanjo, fundi wa umeme na mfanyabiashara anayekwenda kuchukua mazao hawawezi kutegemea gari linaloburuza tumbo. Ng'ambo ya mto, barabara za Kivu Kusini zinahitaji gari lenye nguvu ya magurudumu manne na kimo cha kutosha kutoka ardhini.

Hata hivyo, hoja hiyo hupungua nguvu kadiri lami inavyosonga mbele. Njia kuu ya kutoka Kamembe hadi Huye na Kigali kupitia msitu wa Nyungwe ina lami, na ile inayofuata Ziwa Kivu kuelekea Karongi na Rubavu pia. Gari dogo lililotunzwa vizuri hufika Kigali bila shida. Kwa mtu asiyetoka kwenye lami, gari kubwa linabaki kuwa suala la starehe, heshima na hisia ya kuwa salama zaidi ndani yake. Usalama huo wa aliye ndani, kwa kiasi fulani, hulipwa na aliye nje.

Serikali zimejaribu nini?

Rwanda ilianza na magari yake yenyewe. Katikati ya miaka ya 2000, serikali iliwanyang'anya maafisa wengi magari makubwa ya umma, ikayauza kwa mnada, na kuweka utaratibu wa kuwasaidia viongozi kununua magari yao wenyewe. Nia ilikuwa kupunguza matumizi ya hazina kwa mafuta, matengenezo na madereva.

Kenya ilifuata njia nyingine. Mwezi Juni 2009, Uhuru Kenyatta, wakati huo akiwa waziri wa fedha, alitangaza kuwa mawaziri watumie magari yenye injini isiyozidi sentimita za ujazo 1,800. Serikali ilinunua magari aina ya Volkswagen Passat, lakini baadhi ya mawaziri walisita kurudisha makubwa waliyokuwa nayo. Funzo lilikuwa wazi: mwananchi hawezi kuombwa abadili gari wakati kiongozi wake amegoma.

Mjini Paris, wapiga kura waliulizwa moja kwa moja tarehe 4 Februari 2024. Asilimia 54.6 waliunga mkono kuongeza mara tatu ada ya kuegesha magari mazito ya wageni wa mji huo, hadi euro 18 kwa saa katika maeneo ya katikati. Waliojitokeza kupiga kura hawakufika hata asilimia sita ya waliojiandikisha. Kipimo kilichochaguliwa ni uzito: tani 1.6 kwa gari la mafuta na tani 2 kwa gari la umeme.

Kipimo kipi ni cha haki?

Nchini Rwanda kizuizi cha bei kipo tayari. Ushuru wa bidhaa kwa gari la mafuta linaloingizwa nchini ni asilimia 5 iwapo injini haifiki sentimita za ujazo 1,500, asilimia 10 kati ya 1,500 na 2,500, na asilimia 15 zaidi ya hapo. Hivyo mwenye gari kubwa hulipa zaidi kabla hata ya kuliwasha.

Udhaifu wa utaratibu huo ni kwamba unapima injini, ilhali mtembea kwa miguu hagongwi na injini. Injini za kisasa zinaweza kuwa ndogo ndani ya gari refu na zito. Na gari la umeme, ambalo tangu Aprili 2021 limepewa misamaha ya kodi ili kupunguza moshi, laweza kuwa zito kuliko lile la petroli kwa sababu ya betri yake. Hewa hunufaika, anayevuka barabara hanufaiki.

Kuna pengo jingine. Tangu mwaka 2015 mabasi ya abiria na malori yanatakiwa kufungwa vidhibiti mwendo vya kilomita 60 kwa saa. Gari kubwa la binafsi halimo katika sharti hilo; linazuiwa na vibao, kamera na dhamiri ya dereva.

Kupiga marufuku magari haya kungewaumiza kwanza wale wanaoyahitaji kwa kazi. Kinachowezekana ni kumtoza kila mmoja kwa mzigo anaowatwika wengine: kodi inayohesabu uzito na kimo cha boneti, nafuu kwa magari ya kazi vijijini, na mwendo mdogo zaidi palipo na shule, masoko na mipaka. Kwa wafanyabiashara wa Rusizi wa Kwanza, njia ya miguu iliyotengwa na magari ingeleta nafuu mapema zaidi kuliko kodi yoyote, kwa kuwa magari yaliyokwisha kuingia nchini yatabaki barabarani kwa miaka mingi ijayo.